Maji ya kupikia bia: niweke gramu ngapi za jasi kwa lita 20?

Pipa_Tupu: Wakuu, habari za jioni. Napika bia lita 20, kimea cheupe kitupu. Mara tatu mfululizo imetoka na ladha ya bandeji na uchungu unaoparuza koo. Nimesoma kwamba jasi hunyoosha uchungu. Niweke gramu ngapi? Kesho kutwa naloweka kimea.

Mama_Kimea: Gramu 1 ya jasi kwa lita 20 huongeza kalsiamu kama miligramu 12 kwa lita na salfeti 28. Ila salfeti huuchongoa uchungu, haiulainishi. Cha kulainisha ni kloridi ya kalsiamu: gramu 1 hukupa kalsiamu 14 na kloridi 24. Maji ya wapi?

Pipa_Tupu: Ya kawaida tu, mama.

Jirani_Mnoko: Burton kule Uingereza maji yamejaa jasi toka ardhini, ndiyo bia zao chungu zikasifika. Plzeň kule Ucheki maji ni laini kabisa, hayana madini mengi. Kawaida yako ipi?

Mzee_wa_Busara: Kunywa maji ya ndimu, kijana. Pombe achana nayo.

Mama_Kimea: Bandeji hailetwi na jasi. Ni klorini imekutana na fenoli, kemikali za asili za kimea. Tenki unalitia nini?

Pipa_Tupu: Haya. Ni maji ya boza, yako kwenye simtank, kila wiki namimina vifuniko viwili vya klorini. Usalama kwanza! Halafu si nachemsha saa nzima? Na jasi nimeshanunua kilo tano, ile ya dari. Jasi ni jasi.

Mama_Kimea: Unachemsha baada ya kimea kulowekwa, harufu imeshaundwa, haitoki. Jasi ya dari imeokwa na kutiwa vikorombwezo vya kuchelewesha kuganda. Ipandishe darini, tafuta ya daraja la chakula. Klorini ya maji ya bomba ungeimaliza kwa robo kidonge cha Campden (metabisulfiti, huondoa klorini) kwa lita 20: ponda, koroga, ngoja dakika chache kabla ya kutia kimea. Vifuniko vyako havina kipimo, kwa hiyo kinga maji ya bia pembeni boza linapofika, kabla ya dawa.

Namba_Hazidanganyi: pH (kipimo cha uchachu) ya uji wa kimea?

Pipa_Tupu: 5.3.

Namba_Hazidanganyi: Hii chai, tena ya rangi. Maji ya boza, bila shaka ya kisima, yenye bikabonati inayopandisha pH, kimea cheupe kitupu, bila asidi, yasome 5.3? Umenakili namba kitabuni.

Jirani_Mnoko: Nilishanusa tangawizi toka kwenye vifuniko viwili.

Pipa_Tupu: Sijatunga! Nilikamulia ndimu sita. Na nilipima uji ukiwa nyuzi 66.

Namba_Hazidanganyi: Ndimu! Sasa ndiyo unasema.

Mama_Kimea: Uji wa moto husoma chini kwa 0.2 hadi 0.3, hata kipimo kikijirekebisha: kinarekebisha kijiti chake, siyo uji. Chota kijiko, poza hadi nyuzi 25, lenga 5.2 hadi 5.6. Ndimu hazilingani ukali, mapishi hayatarudiwa. Tumia asidi ya laktiki ya asilimia 88, mililita 1, koroga, subiri dakika kumi, pima tena. Chumvi ndiyo ya mwisho: ukipata maji yaliyochujwa yakabaki matupu, gramu 2 za jasi na 2 za kloridi ya kalsiamu zinakufikisha kalsiamu 50. Kwa maji ya boza usiongeze kitu kabla hayajapimwa.

Pipa_Tupu: Asante mama. Ila ndimu za kesho kutwa nimeshanunua, fungu zima.

Mzee_wa_Busara: Ushauri wangu uko palepale juu.