PS5, Xbox Series S au nistrimu tu kwenye TV? Naombeni ushauri kabla sijazika hela

mzee_wa_kona
Wakuu salaam, naenda moja kwa moja maana hii kitu imenizungusha kichwa wiki mbili sasa. Nina milioni moja na laki tatu nimeitenga kwa ajili ya gemu tu (mama watoto anajua, msianze). Nyumbani kuna PS4 ya tangu 2016, siku hizi inanguruma kama feni ya daladala na juzi ikajizima yenyewe dakika ya 88 dogo anaongoza 2-1, alilia kweli.

Sasa mpwa wangu yuko chuo ananiambia anko acha ushamba, mambo ya kununua mashine yamepitwa, siku hizi unalipia kwa mwezi gemu inachezeka kwenye seva (kompyuta za kampuni) zao huko wewe unaletewa picha kama sinema, unahitaji TV, pedi na intaneti basi. Jamaa wa dukani Kariakoo naye anasema chukua Xbox Series S, bei yake nyepesi kuliko PS5 na ukiwa na Game Pass (usajili wa gemu wa kulipia kwa mwezi) gemu ni mamia. Ila kijiweni kwetu wote PlayStation, ukitaja Xbox wanakuangalia kama umeingia jukwaa la Simba na jezi ya Yanga.

Hiyo striming nimeijaribu. Bro yuko Uingereza kanipa akaunti yake, nikapitisha kwa VPN maana kwa hapa Bongo huduma yenyewe haijafunguliwa, Wi-Fi ya nyumbani inasoma 20 Mbps. Picha ikaja safi kabisa nikaanza kumsifia mpwa. Kucheza sasa! Nabonyeza pasi, mchezaji anafikiria kwanza. Nimepiga penalti kipa kashadaka kashajifuta vumbi ndo mguu wangu unashuka. Dakika ya kumi na kitu skrini yote ikawa vigae vigae. Mpwa anasema intaneti yangu mbovu niongeze kifurushi. Ni kweli au napigwa? Na kama ni mashine, ipi? Watoto ni mpira tu, mimi napenda magari na gemu za stori usiku wakishalala.

fundi_pedi
Mkuu mpwa anakupoteza japo nia yake nzuri. Spidi ni upana wa bomba, ping ni urefu wa safari, hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukibonyeza kitufe hapo kwako ile amri inapita kebo ya baharini mpaka seva ya Ulaya, seva inachora picha, inaibana, inairudisha, TV yako inaifungua ndo unaona. Gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde kila fremu inaishi kama milisekunde 16 na kitu, sasa chukulia ping yako ni milisekunde 160, tayari uko fremu kumi nyuma na hapo TV yenyewe haijaongeza uchelewaji wake. Nunua hata kifurushi cha 100 Mbps, Ulaya haitasogea karibu na Dar.

Sinema hii shida huioni kwa sababu inapakua vipande vya mbele mapema. Gemu itapakua nini mbele wakati haijui wewe utabonyeza nini?

kaka_wa_umoja
Naongezea kwa fundi, mimi niko Nairobi na nilijaribu hii maneno nikiwa na GeForce Now, huduma ya striming ya Nvidia. Kwanza wengi hawajui pale hulipii gemu, unalipia kompyuta yao tu, gemu unanunua mwenyewe kwenye duka la mtandaoni kama Steam. Na mwenye gemu akikasirika anaitoa, 2020 kampuni za gemu Activision Blizzard na Bethesda waliondoa zao watu wakabaki wanashangaa.

Piga hesabu ya bando pia. 20 Mbps mfululizo ni kama GB 9 kwa saa. Masaa mawili kila siku mwezi ushakula GB 540, na hiyo "anilimitedi" yako isome vizuri ina ukomo wake umeandikwa kwa herufi za sisimizi. Halafu mnakumbuka Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja? Ukanda wote huu hata meseji ilikuwa inapanda mlima. Jirani yangu mwenye PS4 na CD yake alicheza wikendi yote, mimi nikaangalia dari.

XBOX_DAMU
Mnachanganya mambo jamani. Game Pass siyo striming!! Striming ni sehemu yake moja tu, ukiwa na Series S unapakua gemu inakaa kwenye mashine na inachezeka hapo hapo bila hiyo safari ya kebo. Jamaa akichukua Series S anapata gemu nyingi kwa hela ndogo na mashine ni ndogo haina kelele. Tatizo lenu mashabiki wa PlayStation mmerithi ushabiki kutoka PS2 ya kuchipiwa (ya kuchezea CD feki) hamjawahi hata kushika pedi ya Xbox.

fundi_pedi
Mkuu DAMU hapo kwenye kupakua uko sahihi. Lakini mwambie na mengine. Series S ya kawaida ina nafasi ya GB 512 na sehemu yake imeshaliwa na mfumo, gemu moja kubwa inaweza kula GB 100, na kupakua nako ni bando. Na Game Pass Ultimate ilikuwa dola 19.99 kwa mwezi, Oktoba 2025 wakapandisha mpaka 29.99. Zipo daraja za chini lakini ndo ujue bei siyo ya kwako, wanaamka asubuhi wanabadilisha.

chief_diski
Hakuna aliyetaja kitu cha maana kuliko vyote. SERIES S HAINA SEHEMU YA CD.

Kwetu hapa CD ni pesa. Unanunua, unamaliza stori, unaenda kubadilishana na mtu unaongeza elfu kumi au ishirini unapata nyingine. Mimi mwaka mzima nimecheza gemu saba na nilianza na mbili. Gemu ya kupakua ukishaimaliza huwezi kumuuzia mtu hata kwa soda.

Na hao Microsoft 2013 walitaka kutuulia hii biashara mchana kweupe, Xbox One ilivyotangazwa ilikuwa lazima iingie mtandaoni kila baada ya masaa 24 na CD za mkono wa pili wakaziwekea masharti. Sony wakatoa kivideo kifupi cha jinsi ya kumgawia mwenzako gemu ya PS4, jamaa mmoja anamkabidhi mwenzake CD anasema asante, imeisha. Dunia ikacheka, Microsoft wakarudi nyuma ndani ya wiki chache. Mpaka leo nadhani ile aibu ndo ilimbeba PS4.

binti_wa_leeds
Niko huku Uingereza naomba niseme ukweli wa upande wa pili. Na faiba na seva ziko karibu striming inafanya kazi jamani, gemu za stori za taratibu huwezi kugundua. Mpira na mapigano bado nahisi uzito kidogo kwenye vidole. Kwa hiyo teknolojia siyo utapeli, ni kwamba huko nyumbani haijafika.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Nilikuwa katikati ya GTA V kwenye Game Pass, Januari 2024 ikaondolewa. Ilirudi Aprili 2025, mwaka na miezi yake mimi nimeshasahau hata nilikuwa nimetumwa kuiba nini. Na Stadia, striming ya Google, je? Ilianza Novemba 2019 kwa mbwembwe, Januari 2023 ikafungwa. Walirudisha hela za gemu, hapo niwasifu, ila wangeamua kutokurudisha ungeenda kumshitaki nani?

mtoto_wa_sony
PS5 tu mengine kelele 😂😂 Xbox wamebaki kutuletea gemu zao wenyewe, Forza Horizon 5 iko PS5 tangu Aprili 2025, Gears imeshafika, Halo nayo imetangazwa. Vita iliisha zamani DAMU hujapewa taarifa tu

XBOX_DAMU
Haya furahini, na hela za Forza mnampelekea nani? Si hao hao Microsoft.

mama_wawili
Kaka mimi sina timu, ila kabla ya mashine nunua UPS ndogo (betri ya kushika umeme ukikatika). Umeme ukikatika ghafla wakati gemu inasevu unaweza kupoteza kila kitu, yamenikuta. Na kwenye striming rauta ikizima tu umeisha hata kama TV iko kwenye sola.

chief_diski
Mzee wa kona kwa bajeti yako tafuta PS5 ya mkono wa pili yenye CD. Angalia usiuziwe Digital Edition, ile isiyo na sehemu ya CD, ukidhani ni ile nyingine, muuzaji anaweza asikuambie. Zile Slim zilizotoka 2023 kile kidude cha CD kinatoka na kuingia, ukikinunua pembeni lazima uunganishe intaneti mara moja kikitambue. CD zako za PS4 karibu zote zitacheza, kwa hiyo huanzi sifuri. Na kwenye akaunti ya PlayStation Tanzania haipo, wengi tunafungua ya Marekani au Afrika Kusini, shika moja usihamehame maana kadi za kulipia zinafuata nchi ya akaunti.

Weka CD ya gemu isikilize dakika 20 kabla hujatoa hela. Ikinguruma kama hiyo ya kwako, ondoka.

mzee_wa_kona
Wakuu mrejesho. Jumamosi nimechukua PS5 ya CD, mkono wa pili, milioni na laki mbili na nusu baada ya kubembelezana karibu saa zima, CD nimeisikiliza mpaka muuzaji akaniuliza mzee unanunua au unalala hapa. Hamsini iliyobaki naongezea tupate UPS, asante dada mama_wawili.

Mpwa kaja jana "kusalimia". Kakaa na pedi kuanzia saa nane mpaka magharibi, habari za seva sikuzisikia tena.

Sasa chief, nina Uncharted 4 ya PS4 CD haina mkwaruzo. Nani ana God of War Ragnarök tubadilishane, naongeza kidogo, niko Tabata.

chief_diski
Njoo inbox.