MREJESHO: Taa sita za LED za dari zilizokuwa zinapepesa kwenye dima (swichi ya kupunguza mwanga)

Wakuu, nimerudi. Swali lilikuwa hili: taa sita za wati 7 kwenye dima ya zamani ya wati 60 hadi 400, zinapepesa ukishusha mwanga, na utepe wa LED wa volti 24 unazima na kuwaka wenyewe.

Aliyesema nipige hesabu ya mzigo kwanza alipatia. 6 × 7 ni wati 42, chini ya kima cha chini cha dima, kwa hiyo triaki (swichi ya kielektroniki ndani ya dima) haipati mkondo wa kuishikilia. Nimefunga dima inayokata mwisho wa kila wimbi la umeme ("trailing edge"), ya wati 5 hadi 150. Nne zikatulia hapo hapo. Mbili zikaendelea, kutoa na kusoma maandishi ya ubavuni, hazina neno "dimmable" (yaani zinakubali dima). Hizo hakuna dima itakayoziponya, nimebadilisha.

Kisha skrubu ndogo ya kima cha chini, chini ya kitufe: shusha mpaka taa zianze kutetemeka, rudisha kidogo tu. Zima, washa tena ukiwa chini kabisa, uone kama zote zinaitika.

Utepe (mita 5, wati 72) draiva yake (kifaa kinachoupa volti 24) haikubali dima upande wa 230V. Nimeweka dima ya PWM (inawasha na kuzima haraka sana, jicho linaona mwanga umepungua) ya ampea 8 kati ya draiva na utepe. Unavuta ampea 3.

Ambacho hakijaisha: mwanga haushuki chini ya kama asilimia 15, na dima inavuma kidogo usiku kukiwa kimya. Kapasita ya kuongeza mzigo kwenye dima sijaifunga, haikuhitajika. Asanteni sana.