Mrejesho: Uzamili wa biashara au wa teknolojia

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mwezi Machi niliuliza kama mtu mwenye shahada ya kwanza ya kompyuta, anayesimamia mifumo katika ghala la pembejeo hapa Uyole, asome uzamili wa usimamizi wa biashara au wa teknolojia ya habari. Wengi mlinishauri biashara, ila kaka mmoja alinitaka kwanza niandike kwa wiki nzima kazi ninazozifanya kweli. Daftari lilinishangaza: kompyuta nilizigusa asubuhi tu, na muda uliobaki ulikwenda katika kukadiria mbolea ya kupandia itakayohitajika kabla mvua za Novemba hazijaanza, kuwabembeleza wadaiwa na kubishana bei na wasafirishaji wa Tunduma, mambo ambayo sikuwahi kufundishwa darasani. Nimechagua biashara, katika Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, kwa kuwa sikutaka kuhama mkoa wala kuacha kazi. Uhasibu unanitoa jasho, sifichi. Mizania yangu ya kwanza, yaani jedwali la mali na madeni, pande zake mbili zilipishana kwa shilingi 40,000, nikakesha nikizitafuta. Programu ya hesabu za ghala naendelea kuiandika mwenyewe kila Jumapili jioni.