Potomita: feni ikizidi nguvu kiputo kinapunguza mwendo, kwa nini?

jani_bichi: Habari wakuu, naombeni msaada. Nina tawi kwenye potomita (kile kifaa cha kupima maji yanayovutwa na tawi kwa kuangalia mwendo wa kiputo cha hewa kwenye mrija), hewa ikiwa imetulia kiputo kinajikokota, nikiwasha feni kidogo kinakimbia, hapo sawa kabisa. Sasa nikapandisha feni mpaka mwisho nikaiacha kama nusu saa nikitegemea kitakimbia zaidi, wapi, kikarudi karibu kulekule kwa mwanzo. Nimerudia mara tatu yaleyale. Nakosea wapi?

mzizi_mrefu: Hujakosea mkuu. Hewa ikitulia, mvuke unaotoka kwenye stomata (vitundu vidogo vya jani) unabaki palepale juu ya jani kama shuka, huko ndani pamejaa mvuke na nje karibu na jani napo pana mvuke, kwa hiyo hautoki kwa kasi. Feni inaondoa hiyo shuka. Ila upepo ukizidi jani linapoteza maji kuliko tawi linavyovuta, seli linzi (zile zinazofungua na kufunga stomata) zinalegea, stomata zinafumba. Ndo maana mimea mingine inalegea mchana jua kali hata kama udongo una maji, jioni inasimama yenyewe.

kivuli: Ulikuwa unatumia taa? Maana taa inapasha jani, feni inalipoza, na jani likipoa mvuke unapungua hata stomata zikiwa wazi. Joto sio mchezo, hewa ya nyuzi 20 inabeba mvuke gramu 17 hivi kwa mita moja ya ujazo, ya nyuzi 30 inafika 30, karibu mara mbili!

jani_bichi: Taa ipo ndio, tena karibu sana, sikuwaza kabisa.

mzizi_mrefu: Isogeze mbali basi. Halafu tawi ulilikatia ndani ya maji? Ukikatia nje hewa inaingia kwenye mishipa na maji hayapiti vizuri, na potomita inapima maji yanayovutwa sio yanayotoka, utadhani stomata zimefumba kumbe mishipa ya tawi imeziba. Zima feni, acha tawi lipumzike kwenye mwanga, kisha washa kidogo tu. Kiputo kikikimbia tena zilikuwa stomata, kikigoma kata tawi lingine.

jani_bichi: Nililikatia ndani ya maji. Nimesogeza taa, nimezima feni dakika 40 nikawasha kidogo, kinakimbia kama mwanzo!! Asanteni sana, kesho najaribu na mfuko wa plastiki juu ya majani nione unyevu unafanyaje.

kivuli: Safi sana, leta majibu, ila mfuko usiufunge taa ikiwa karibu, jani litaungua.