Tupeane uzoefu: rejeksi ya Python inapokamata isichoambiwa

Assalaam alaykum wakuu. Tuweke hapa mitego ya rejeksi (regex, ruwaza za kutafutia maandishi) isiyotoa kosa lolote: skripti inamaliza kwa amani, matokeo ndiyo mabovu. Mwenye chake atoe pamoja na dawa yake.

Bandari_ya_Mkoani
Kinachowaponza wengi ni `|`. Mtu anataka mikoa miwili ya Pemba, anaandika `^Kaskazini|Kusini Pemba$`, na Kaskazini Unguja nayo inapita. Alama hiyo inaigawa ruwaza yote pande mbili: ama mstari uanze na Kaskazini, ama uishie na Kusini Pemba. Zungushia mabano: `^(?:Kaskazini|Kusini) Pemba$`. Hiyo `?:` msiiache, kwani `findall` ikikuta mabano ya kawaida inarudisha kilichomo ndani yake tu. Utapata "Kaskazini" tupu, Pemba haimo.

Darajani_usiku
Yakhe, hilo afadhali linaonekana. Baya ni hili:

`re.sub('wete', 'Wete', maandishi, re.I)`

Nafasi ya nne si ya `re.I` (yaani usijali herufi kubwa na ndogo), ni ya idadi ya mabadilisho. Na thamani ya `re.I` ni 2. Basi inabadilisha "wete" mbili za mwanzo, zilizobaki inaziacha, na WETE ya herufi kubwa haiigusi kabisa. Ukijaribu kwa sentensi fupi hutashtuka, itakwenda sawasawa. Faili refu ndilo litakaloumbuka. Andika `flags=re.I`. Toleo la 3.13 limeanza kutoa onyo, lakini seva nyingi bado ziko nyuma ya hapo.

karafuu_kavu
Kwa wanaochakata Kiswahili: `\w+` (mfululizo wa herufi, tarakimu na `_`) inaikata ng'ombe vipande viwili, ng na ombe. `[\w']+` nayo haitoshi, maana Word na baadhi ya simu huweka ’ iliyopinda (U+2019) badala ya iliyonyooka (U+0027). Weka zote: `[\w'’]+`. Ukitilia shaka maandishi usiyaamini macho, chapisha `ascii(neno)`. Hapo utaona `ng\u2019ombe`, au `\xa0` iliyojifanya nafasi ya kawaida.

Wenye orodha za madrasa pia: `\d` (tarakimu yoyote) inaikubali ٣ ya Kiarabu kama inavyoikubali 3. Ukitaka tarakimu zetu hizi peke yake, `[0-9]`.

mgeni_wa_Chake
Wakuu, yangu ni `'\bWete\b'`, hiyo `\b` nikikusudia mpaka wa neno. Neno lipo kwenye faili, nalitazama kwa macho, `search` inarudisha None.

karafuu_kavu
Hiyo hiyo `ascii()` ipeleke kwenye ruwaza yenyewe. Itakuonesha `\x08Wete\x08`: bila `r` mbele, Python imeisoma `\b` kuwa herufi ya kufutia nyuma kabla rejeksi haijaipata. Andika `r'\bWete\b'`. Na ukishapata, usiibadilishe kuwa `match`. Hiyo inatazama mwanzo wa stringi tu.