Bios fomu sikisi: vijana wajisahihishe kwa AP ya Marekani au Cambridge?

Mzawa wa Mikindani
Wakuu salama? Nina madogo wa PCB (fizikia, kemia, bios) nawapiga tuisheni jioni hapa Mtwara, wanaandika kurasa na kurasa ila hawajui maki inatoka wapi. Nimeshusha maswali ya kujieleza ya AP Biology (mtihani wa Marekani wa wanafunzi wa sekondari, kiwango cha chuo) na ya Cambridge A level (ya Uingereza), yote yana makingi skimu, yaani mwongozo wa kusahihisha, bure. Hela ya kuprinti inatosha seti moja tu. Ipi?

Ticha wa Masasi
AP mkuu. Maswali ya kujieleza yako sita kwa dakika 90, mawili marefu manne mafupi, na yanabeba nusu ya mtihani, nusu nyingine ni yale 60 ya kuchagua. Swali fupi lina pointi 4 na kila pointi ina kazi yake, hii ya kuelezea, hii ya kutabiri, hii ya kutetea utabiri wako, kwa hiyo dogo akitabiri vizuri halafu sababu ikawa hovyo anapata ya utabiri anakosa ya sababu basi, hakatwi kitu. Ila asijipinge! Akisema maji yanaingia kwenye seli halafu mstari wa chini yanatoka, pointi nayo imekwenda na maji 😂. Kinachonifurahisha zaidi wanaweka na majibu halisi ya watahiniwa na maelezo kwa nini huyu kapewa huyu kanyimwa, we wape madogo wasahihishe kwanza kabla hawajaona maelezo uone ubishi wake. Chukua za 2021 kuja mbele, 2020 waliufupisha sababu ya korona.

Binti Newala
Ticha hapo sikubali yote. Cambridge ndo ndugu yetu wa karibu, na skimu yao inakwambia kabisa jibu lipi likubaliwe, lipi lipuuzwe, lipi likataliwe. Halafu ukiambiwa taja mawili ukamwaga manne ili moja lipatie, wanahesabu mawili ya mwanzo tu. Madogo wetu kwa kumwaga hawajambo.

Mzawa wa Mikindani
Hahaha hapo umewagusa wangu wote. Na insha za Necta, baraza letu la mitihani, je?

Ticha wa Masasi
Kwa insha AP haikufikishi, kule utangulizi na hitimisho havina pointi, wanataka sentensi kamili inayojibu kipengele, na ukiorodhesha vidokezo vitupu au mchoro peke yake hawakubali. Insha tafuta ripoti za Necta za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zipo kwenye tovuti yao, wanabandika mpaka picha za majibu mazuri na mabovu.

Korosho Gredi Wani
Msisahau grafu, AP wako makini sana na lebo za mhimili na yuniti, nukta zikae sawa lakini bila lebo pointi ya lebo huioni. Alafu waambie mapema matokeo ya kule ni 1 mpaka 5 na 5 ndo ya juu, sisi tumezoea divisheni wani ndo bora, kuna dogo atasikia mtu kapata 1 ampe hongera.

Mzawa wa Mikindani
😂😂 Basi naprinti AP, Cambridge watasomea kwenye simu yangu.

Binti Newala
Print maswali tu kaka, skimu baki nayo mwenyewe. Ukiwapa vyote siku moja hakuna atakayeandika, watakopi.