Likizo yangu ya uzazi inaisha Ijumaa. Shija wa miezi 3 nimwachie nini bibi yake?

Mama Kulwa, Tabora
Habari zenu wazazi. Niko Ng'ambo hapa Tabora mjini, ni karani wa duka la pembejeo karibu na soko kuu. Siku zangu 84 ndiyo hizo zinaisha, na Shija ananyonya tu, hajaonja hata maji. Mama mkwe ameshafika kutoka Sikonge kuja kunilelea, Mungu ambariki. Amekuja na chupa ya asali ya nyuki wadogo ya kumlambisha mtoto, na ameshaongea na kijana wa maziwa wa baiskeli: nusu lita kila asubuhi, yachemshwe, yaongezwe maji nusu kwa nusu.

Moyo wangu unakataa. Kulwa na Doto nilipewa siku 100 kwa kuwa ni mapacha. Zilipoisha niliwaachia maziwa ya ng'ombe hivyo hivyo, maana kila mtu aliniambia titi la mama mmoja halitoshi watoto wawili. Kulwa aliharisha wiki nzima. Doto hakuharisha, ila alipauka, nikimfunua kope ndani kweupe. Alipopimwa damu ikaonekana imeshuka sana, akalazwa. Mama mkwe hakuwepo wakati ule, hakuyaona.

Sitaki kumvunjia heshima mzee wangu. Je, kuna aliyekamua akaacha nyumbani? Kwa joto letu hili, na bila friji, yanakaa muda gani?

Bibi wa Ujiji
Hongera ya Shija, mwanangu. Mimi nimelea watano nikiuza dagaa Kibirizi. Nilikuwa nakamua alfajiri kabla ya mitumbwi kurudi, kwenye kikombe cha bati nilichokichemsha, nakifunika, nakisimamisha ndani ya sufuria ya maji, kona yenye kivuli. Kamua kwa vidole, usivute chuchu. Bonyeza nyuma ya ile sehemu nyeusi, achia, bonyeza tena. Siku ya kwanza utapata kidogo ukate tamaa. Usikate, titi hujaa kadiri linavyotolewa.

Chupa ya chuchu achana nayo, kuisafisha vizuri ni kazi. Mtoto wa miezi 3 anaweza kikombe. Bibi yake amkalishe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, mtoto alambe mwenyewe. Asimmiminie, atapaliwa.

Nesi wa kliniki ya watoto
Mama Kulwa, pole kwa ya Doto. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno kwa mtoto mchanga, tena yanaweza kumfanya avuje damu kidogo kidogo utumboni bila wewe kuiona chooni. Protini na chumvi zake ni mzigo kwa figo changa, na ukiongeza maji unapunguza na shibe. Subiri atimize mwaka ndipo ayanywe, yakiwa yamechemshwa. Hadi miezi 6 ni maziwa yako tu.

Asali msimpe kabisa kabla ya mwaka, hata ya kulamba kwenye kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kwa mkubwa hupita tu, ila tumboni mwa mtoto huota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi anashindwa kunyonya. Kuichemsha asali hakusaidii.

Maziwa uliyokamua, kwenye nyuzi 25 au chini, hukaa muda wa saa 4. Tabora ya Oktoba inapita hapo, kwa hiyo yatumike mapema zaidi. Kama jirani ana friji, humo yanafika siku 4. Yapashe kwa kuweka kikombe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, siyo jikoni. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda kwenye kadi, anashiba.

Baba wa watatu, Kasulu
Dada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mwandikie bosi barua, ubaki na nakala.

Mama Kulwa, Tabora
Asanteni mno, nimelia nikisoma. Jana usiku nilimletea mama mkwe kadi ya kliniki ya Doto, nikamwonyesha pale mstari ulipoanguka. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Mbona hamkuniambia?" Leo asali kaitia kwenye uji wa mapacha.

Juzi nilikamua vijiko vitatu. Leo asubuhi nusu kikombe, na bibi amemnywesha mwenyewe. Robo imeishia kwenye kanga yake, hakulalamika. Bosi amekubali nirudi nyumbani saa sita mchana kila siku. Bibi wa Ujiji, nikiwa dukani titi likijaa kabla ya muda huo, ulikuwa unafanyaje?

Bibi wa Ujiji
Nilikuwa naomba chumba kwa jirani, nakamua dakika chache hadi maumivu yaishe. Nenda na kikombe kisafi chenye mfuniko, usiyamwage.